Bandikeni na Gharama Ukutani

Julai 2015 nilikuwa kibarua kwenye duka la kuchapa fulana Kariakoo. Kazi yangu ilikuwa kuvuta wino kwenye fremu, na bosi akienda kuswali adhuhuri nakaa kaunta. Siku moja akaingia kijana nadhifu mwenye begi mgongoni, akamwaga mezani mabunda ya noti za elfu kumi yaliyofungwa kwa raba. Alitaka fulana 3,000 na kofia 1,000, zote ziwe tayari kabla ya Ijumaa. Rangi sitaitaja, wala picha ya kuchapa ilikuwa ya nani. Nilipomuuliza risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, iandikwe jina gani, akasema kwa upole kabisa, "Andika la kampuni ya malori, kaka. TIN nakutumia sasa hivi." Bosi alipokuja nikamweleza. Akanijibu, "Mwandikie anavyotaka, mdogo wangu. Mteja ndiye anayejua mahesabu yake."

Tukachapa usiku kucha siku mbili. Fulana zikapanda Canter, zikaenda jimboni, zikavaliwa, na mgombea akasimama jukwaani akazipungia mkono. Kwenye karatasi, hata hivyo, kampuni ya malori ilikuwa imejinunulia fulana zake yenyewe. Mgombea hakutumia hata senti.

Nimeishi na risiti ile kichwani miaka yote hii, kwa sababu nilikuja kujua kwamba sheria ya jambo lile ilikuwepo tayari. Inaitwa Sheria ya Gharama za Uchaguzi, Namba 6 ya mwaka 2010. Rais Kikwete aliisaini Machi 2010. Haikuishia kwenye kampeni za mwisho peke yake, iliingia mpaka kwenye kura za maoni ndani ya vyama, kule ambako watia nia na wajumbe hukutana usiku. Inamtaka mgombea aseme ana fedha kiasi gani na anategemea kupata wapi nyingine. Inaweka ukomo wa matumizi. Inabana fedha za uchaguzi zinazotoka nje ya nchi. Uchaguzi ukiisha, chama kinapeleka hesabu kwa Msajili wa Vyama vya Siasa. Ukiisoma huku umetulia, ni sheria nzuri. Aliyeiandika alijua mchezo unavyochezwa.

Ilitoka mbali. Mwaka 2000 Bunge liliirekebisha Sheria ya Uchaguzi, likaingiza kifungu kilichosema kwamba kinachotolewa kwa nia njema, kama ukarimu wa kawaida au wa kimila, si rushwa. Ndipo neno takrima lilipohama kutoka sebuleni likaenda kwenye kampeni. Tukapiga kura 2000 na 2005 chini ya kifungu hicho, pilau na soda zikitembea mchana kweupe. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, pamoja na mashirika mengine mawili ya wanasheria, LEAT na NOLA, wakaenda Mahakama Kuu hapa Dar es Salaam, na Aprili 2006 majaji watatu, Kimaro, Massati na Mihayo, wakakifuta. Walisema kinampendelea mwenye nacho dhidi ya asiye nacho, na kwamba hakuna mtu awezaye kuchora mstari kati ya ukarimu na hongo siku ya kampeni.

Na fedha kubwa? Mwaka wa fedha 2005/06, uliobeba uchaguzi mkuu, zaidi ya shilingi bilioni 133 zilitoka kwenye akaunti ya EPA, ile ya kulipia madeni ya nje, pale Benki Kuu zikalipwa kwa kampuni 22. Ukaguzi wa Ernst & Young ukaonyesha malipo mengi kati ya hayo hayakuwa halali, na Januari 2008 gavana akaondolewa. Kila kijiwe cha kahawa mjini kiliuliza kama sehemu ya fedha hizo iliingia kwenye kampeni. Hakukuwa na karatasi ya kulijibu swali hilo, maana wakati huo hakuna aliyelazimika kuandika kampeni yake imelipiwa na nani. Sheria ya 2010 ilikuja kuiweka karatasi hiyo.

Tatizo ni kwamba karatasi ikishaandikwa inaingia kabatini.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Nikienda kituo cha kupigia kura usiku wa uchaguzi nakuta matokeo yamebandikwa ukutani. Fomu ya udiwani, fomu ya ubunge, fomu ya urais, zimesainiwa, kila mtu anasogeza tochi ya simu anasoma. Nikienda ofisi ya serikali ya mtaa nakuta ubao wenye mapato na matumizi ya mtaa, mpaka hela ya kununulia ufagio. Lakini gharama za mtu aliyezunguka jimbo zima na magari kumi na mbili, muziki, na bodaboda mia moja zilizojaziwa mafuta, hizo sizikuti ukutani popote. Anayezijua ni chama chake na Msajili.

Jirani yangu mmoja anauza vitumbua Mbagala Rangi Tatu. Msimu wa kampeni hupata doti ya kanga, mara nyingine na elfu tano ndani yake. Nilipomwambia hiyo ni rushwa alinitazama kwa huruma. "Mwanangu, mkono mtupu haulambwi. Hawa nikiwaona leo, nitawaona tena baada ya miaka mitano. Bora nichukue changu." Sikuwa na la kumjibu, na mpaka leo sina. Yeye ana kanga moja. Afisa wa TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, akija kumkamata anayegawa kanga, atamkuta kijana wa mtaani aliyelipwa posho ya siku. Marobota yaliyotoka bandarini au kiwandani yamelipiwa na nani, na huyo aliyelipa ataomba nini uchaguzi ukiisha? Hilo ndilo la kuhangaika nalo. Mtu hatoi milioni mia mbili kwa sababu anapenda hotuba za mgombea. Atakuja na zabuni ya barabara, au na kiwanja cha wazi ambacho watoto wanachezea mpira, au na msamaha wa kodi uliopenyezwa kwenye muswada. Na hatuna hata rejista ya watu wanaokwenda kuzungumza na wabunge na mawaziri kwa niaba ya wafanyabiashara. Kuna wanaoifanya kazi hiyo kwa malipo, kwenye hoteli za Masaki na Dodoma, na hakuna pa kusoma wamemwona nani kuhusu nini.

Watu huniambia tunavyo vyombo vya kutosha. Kweli tunavyo. Msajili yupo, TAKUKURU ipo chini ya sheria ya 2007, Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma ipo chini ya sheria ya 1995, na imetajwa mpaka kwenye Katiba. Wakuu wa vyote vitatu huteuliwa na Rais. Simtuhumu yeyote kati yao. Nasema tu kwamba Rais naye hugombea, ana chama, na chama chake kina hesabu za kupeleka. Mlinzi wa namna hiyo anahitaji macho ya watu wengine nyuma yake, hata awe mwadilifu kiasi gani.

Tumeshaona macho hayo yanavyosaidia. Mwaka 2015 Baraza la Maadili liliketi ukumbi wa Karimjee kusikiliza mashauri ya viongozi waliopata mgawo wa fedha zilizohusishwa na akaunti ya Tegeta Escrow, iliyokuwa ikishikilia fedha za mgogoro wa malipo ya umeme. Waandishi walikuwemo, mashahidi waliulizwa maswali mbele ya watu, na mjini kila mtu alijua nani kapewa kiasi gani. Matokeo yake unaweza kubishana nayo. Lakini kwa siku zile maadili ya uongozi yalikuwa na sura na sauti. Kabla na baada ya hapo ni fomu za mali zinazojazwa kila Desemba na kuhifadhiwa. Wazee waliolikuta Azimio la Arusha la 1967 wanakumbuka kiongozi alikatazwa kuwa na mishahara miwili na nyumba za kupangisha, na jirani aliweza kuona kama analifuata, kwa sababu nyumba haifichiki. Fomu inafichika.

Ninachotaka ni kitu kimoja. Hesabu za gharama za kila mgombea ubunge na udiwani zibandikwe kwenye ofisi ya kata, kwa Kiswahili, siku ileile zinapopokelewa na Msajili. Jina la mfadhili mkubwa, kiasi, na alicholipia. Basi. Mimi ningeenda kusoma. Ningetafuta fulana 3,000, na nisingeziona, ningesema, jamani hizi nilizichapa mwenyewe. Mpiga muziki naye angetafuta spika zake, na mwenye Canter safari zake. Msajili hana wakaguzi wa kutosha kwa majimbo yote ya nchi hii, ila mtaani tuko wengi na tumeona kila kitu.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu. Mfanyabiashara anayekichangia chama cha upinzani akiandikwa ukutani, kesho anaweza kufuatwa na wakaguzi wa kodi, au leseni yake ikachelewa bila sababu. Hofu hiyo ina msingi na sitaki kumtoa mtu kafara. Ndiyo maana nasema mfadhili mkubwa. Mama anayetoa elfu ishirini au fundi anayetoa laki abaki na siri yake. Lakini anayetoa kiasi cha kuweza kumbadilisha mbunge msimamo, huyo ameshaingia kwenye mambo yetu sote, na tuna haki ya kumjua. Anayefuatwa kwa kisasi naye alindwe kwa sheria, kwa adhabu kwa ofisa anayemfuata. Kuwaficha wote ili kumlinda mmoja kumewanufaisha zaidi wale wa kampuni ya malori.

Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inamruhusu raia kuomba taarifa kwenye ofisi ya umma na kujibiwa ndani ya siku 30. Nimeandika barua kurasa moja na nusu, kwa mkono, nikiomba hesabu za wagombea wote wa jimbo langu, wa vyama vyote. Jumatatu asubuhi naipeleka mwenyewe kwa Msajili, na nakala yangu nataka igongwe muhuri wa mapokezi wenye tarehe, ili hesabu ya siku 30 ianze.