Anayekuja kwa baiskeli huanza kwa kuomba maji

Agosti 2021, miezi mitatu baada ya volkano ya Nyiragongo kumwaga moto wake hadi Buhene, pembezoni mwa mji wetu wa Goma, mashariki mwa Kongo, vijana kumi na mmoja walifika kwenye kiwanja cha dada yangu wamepauka vumbi mpaka kope. Walikuwa wametoka Bukavu kwa baiskeli. Siku nne. Mtu mwenye akili zake akitaka kuja Goma kutoka Bukavu anapanda boti, analala, asubuhi yuko bandarini. Hawa walizunguka Ziwa Kivu kwa nchi kavu: Kavumu, Katana, Kalehe, Nyabibwe, Minova, Sake, karibu kilomita 200 za mawe na mashimo, na nyingi ya baiskeli zenyewe zilikuwa za kuazima. Kiongozi wao hakutoa karatasi wala kueleza ametumwa na nani. Alisema tu, "Mama, tunaomba maji."

Nyumba ya dada ilikuwa imefukiwa na lava pamoja na sufuria zake, cherehani na vyeti vya ubatizo vya watoto. Alikuwa na bidoo moja la njano, limebaki nusu. Akawapa lote. Mimi nilikuwa nimesimama kando nikipiga hesabu ya safari ya kwenda kuchota mengine, lakini yeye alikuwa akiwaangalia wanavyokunywa, akimkaripia yule wa mwisho asinywe kwa pupa. Kwa miezi mitatu alikuwa mtu wa kupanga foleni na kupewa. Nilikuwa nimesahau kwamba dada yangu anajua kukaripia.

Goma tunayajua magari meupe yenye antena ndefu. Siyadharau, yamebeba dawa na unga pale ambapo serikali haikufika. Ila gari likisimama, anayeshuka hana shida na wewe hata moja. Ameshiba, ana maji yake ya chupa, ana orodha, na jua likianza kushuka dereva anatazama saa. Utamkaribisha nini mtu wa namna hiyo? Wa baiskeli anakuja na njaa, anaulizia mahali pa kulala, tairi lake limetoboka na anatafuta mtoto wa kumwonyesha kwa fundi. Kabla hajakufanyia lolote tayari ana deni kwako. Hiyo ndiyo sababu naupenda mtindo huu wa kuja kwa baiskeli kumsaidia mtu kujenga nyumba, kama walivyokuja hawa, na naomba nisieleweke vibaya: sizungumzii michezo wala afya ya moyo.

Mtindo wenyewe haukuanzia Bukavu. Huko Marekani kuna makundi ya watu wanaovuka nchi nzima kwa baiskeli, bahari hadi bahari, na njiani wanasimama siku moja moja kusaidia kujenga au kukarabati nyumba za wasio na uwezo. Usiku wanalala kwenye sakafu za makanisa. Mojawapo ya safari hizo, inayoendeshwa na Fuller Center for Housing, ilianza mwaka 2008. Ukifuata jina hilo la Fuller nyuma kidogo unajikuta umerudi hapa kwetu. Millard Fuller alikuwa mwanasheria wa Alabama aliyetajirika angali kijana, kisha akagawa mali yake. Mwaka 1973 alikuja Zaire na mkewe Linda na watoto, wakakaa Mbandaka miaka mitatu wakijenga nyumba za matofali ya saruji pamoja na watu wa kipato kidogo. Mwenye nyumba alilipa pole pole, bila riba, na pesa yake ikaenda kwenye nyumba ya mwingine. Waliporudi Georgia mwaka 1976 ndipo wakaanzisha Habitat for Humanity. Yaani jambo ambalo leo likija tunalipigia makofi kama la wageni, lilijaribiwa kando ya mto wetu, na Wakongo wakibeba tofali. Sijui kwa nini shuleni hatukuambiwa.

Lakini turudi Buhene. Vijana wa Bukavu walikuwa wabovu kwa nyundo, niseme ukweli. Siku ya kwanza walipinda misumari mpaka fundi akaja kuniambia pembeni, "Papa, hawa wananimalizia kilo." Tukawatoa kwenye mbao tukawapeleka kuchimba shimo la choo. Asiyejua Goma atadhani ni adhabu. Lava ikipoa ni jiwe, tena jiwe lenye vitobo na makali yanayochana mkono. Jembe halina kazi hapo. Unapiga mtaimbo kwa nyundo kubwa, unachomoa kipande cha ukubwa wa ngumi, unapiga tena, na jioni ukisimama ndani ya shimo linakufika gotini. Walipokezana siku sita. Fundi alibaki na kazi yake, na alilipwa, kwa pesa walizochangisha kwao kabla ya kuondoka. Mabati pia yalitoka humo. Picha walizopiga zote ni za nyumba. Ya shimo haipo hata moja, na bila lile shimo nyumba ile ingekuwa banda.

Na mbao nani alizileta? Chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali tunayobebea mizigo. Mzee mmoja alizisukuma kutoka depo safari tano, goti moja juu ya kipande cha kandambili kilichopigiliwa, mguu mwingine ukisukuma ardhi. Safari ya tano alikataa kulipwa, akabaki kushikilia mbao ya juu wakati fundi anapima. Mtu kama yeye tumemsimamishia sanamu ya rangi ya dhahabu pale Rond-point Tshukudu, kisha akikatiza barabarani tunampigia honi.

Rafiki yangu seremala ananibishia kila tukikutana. Anasema chakula cha watu kumi na mmoja, kwenda na kurudi, kingenunua mabati mengine. Hesabu yake ni sawa. Ninachomjibu ni kwamba mabati yangeletwa na gari, na dada angetia sahihi.

Usiku wao wa pili njiani walilala Bushushu, Kalehe, kwenye sakafu ya kanisa, wakapikiwa sombe, yaani kisamvu, na mama mmoja aliyekataa hata faranga moja. Tarehe 4 Mei 2023 mvua iliishusha milima juu ya Bushushu na Nyamukubi, na watu zaidi ya 400 wakafa. Zamu ilikuwa yetu. Vijana wa mtaa tulikutana mara mbili. Tukahesabu baiskeli, zikawa sita, mbili hazina breki. Mmoja akasema barabara ya Sake ina habari zake za usalama, na kweli ilikuwa nazo. Kijana wa Bukavu akanipigia simu kuuliza tunafika lini. Nikamwambia tairi hazipo.

Tulikusanya nguo na pesa kidogo, tukapakia kwenye boti. Dada alileta blanketi, akauliza nani anakwenda. Nikamjibu hakuna anayekwenda, mzigo ndio unakwenda. Alikaa kimya, akaomba kalamu, akaandika namba yake ya simu kwenye pindo la blanketi ili atakayelipokea ampigie. Mpaka leo hajapigiwa.