Norman Lear: Aliwacheka Wabaguzi au Aliwachekesha?

Jijini Washington, kwenye makumbusho ya Smithsonian ya historia ya Marekani, kimehifadhiwa kiti kikuukuu cha sebuleni. Hakikukaliwa na rais wala jenerali. Kilinunuliwa kwenye duka la mitumba, kikapelekwa studio, na kwa miaka kadhaa kikawa cha Archie Bunker, msimamizi wa wapakia mizigo huko Queens, New York, mtu ambaye hakuwahi kuishi popote isipokuwa ndani ya televisheni. Akiwa kwenye kiti hicho Archie aliwasema Weusi, Wayahudi, Wapuerto Rico na wahipi, na alipowamaliza hao alimgeukia mkwewe. Ole wake mgeni aliyekikalia bila kujua.

Aliyemweka pale ni Norman Lear, mwandishi na mtayarishaji wa vichekesho aliyezaliwa New Haven, Connecticut, mwaka 1922 na kufariki Desemba 2023 akiwa na miaka 101. Kipindi chenyewe, All in the Family, kilianza kwenye kituo cha televisheni cha CBS tarehe 12 Januari 1971, kikashika nafasi ya kwanza kwa watazamaji misimu mitano mfululizo. Tangu wiki zile za mwanzo watu wamebishana, na hawajamaliza: kumfanya mbaguzi awe kichekesho ni kumvua nguo hadharani, au ni kumkaribisha sebuleni na kumpa chai?

Lear alifika hapo kwa njia ndefu. Aliacha chuo mwaka 1942 akajiunga na jeshi la anga, akaruka safari 52 za vita kwenye ndege za B-17 kutokea Foggia, Italia, kama mwendesha redio na mpiga bunduki. Vita ilipokwisha alihamia Los Angeles, akawa anatembeza bidhaa nyumba kwa nyumba pamoja na Ed Simmons, huku usiku wakiandika vichekesho. Wakapata kazi ya kuwaandikia wachekeshaji Dean Martin na Jerry Lewis. Baadaye akaungana na Bud Yorkin kuanzisha kampuni ya Tandem, na skripti yake ya Divorce American Style ya mwaka 1967 ikateuliwa kuwania Oscar. Ilikuwa kazi nzuri ya mtu mwenye kipaji, na kama angeishia hapo pengine leo tusingekuwa na cha kubishania.

Wazo la Archie hakulibuni. Uingereza BBC walikuwa na kipindi cha Johnny Speight, Till Death Us Do Part, kuhusu baba mbaguzi anayegombana na mkwewe. Lear aliponunua haki zake alitengeneza sampuli mbili kwa ajili ya kituo cha ABC, 1968 na 1969. Zote zikakataliwa. CBS walipokubali, walitanguliza tangazo la kuwaeleza watazamaji kwamba kipindi kinataka kuumulika udhaifu na chuki zetu kwa kicheko ili zionekane zilivyo za kipuuzi. Wakaongeza na wapokea simu, wakijua usiku huo Marekani itapiga kelele. Simu zilizokuja zilikuwa chache.

Ili kuelewa uzito wa hili, kumbuka vichekesho vya Marekani vya miaka ya 1960 vilikuwa vya aina gani: farasi anayeongea, mchawi aliyeolewa na mfanyakazi wa ofisi ya matangazo. Vijana wanarudishwa kwenye majeneza kutoka Vietnam, miji inaungua, na kwenye skrini kazi ngumu kuliko zote ni kumficha bosi kwamba mke wako anaruka na ufagio. Lear alileta nyumba yenye madeni na yenye choo, kwa maana halisi: mlio wa maji ya choo kilichovutwa ghorofani ulisikika, jambo ambalo lilikuwa halijazoeleka kabisa kwenye televisheni ya jioni. Hakutaka kicheko cha kubandika. Kipindi kilirekodiwa mbele ya watu waliokaa kwenye viti, na walichocheka ndicho ulichosikia.

Wanaomtetea Lear wana ushahidi wao, na wengi huanza na sehemu ya Februari 1972. Archie, anayeendesha teksi kwa muda, amembeba Sammy Davis Jr., mwimbaji Mweusi maarufu, na staa huyo amesahau mkoba wake garini. Anakuja nyumbani kuuchukua. Archie anajitahidi kuwa mstaarabu, na kila anapojitahidi anazidi kuharibu, huku Davis akimjibu kwa upole wenye makali. Mwisho wanapiga picha ya ukumbusho. Kamera inapobofywa, Davis anamgeukia Archie na kumbusu shavuni. Watu wakacheka kicheko kile kisichotaka kuisha. Hotuba ngapi za haki za binadamu zingemfikisha Mmarekani wa mwaka 1972 hapo, acheke bila kuulizwa anacheka upande gani?

Lakini swali ni hilohilo: anacheka upande gani?

Septemba 1971, Laura Z. Hobson, mwandishi wa riwaya iliyowahi kuuanika ubaguzi dhidi ya Wayahudi, aliandika makala ndefu kwenye New York Times kumshambulia Archie. Hoja yake ilikuwa na uzito ambao watetezi huupita haraka. Alisema maneno ya Archie yamechaguliwa kwa uangalifu: ni matusi yaliyofifishwa makali, yale ambayo hadhira inaweza kuyavumilia. Mbaguzi halisi ana msamiati mchafu zaidi, na Archie hautamki. Kwa hiyo kipindi hakikuonyesha chuki ilivyo, bali kiliiosha, kikaipiga pasi na kuivisha uso wa mzee anayependeka. Lear alimjibu kwenye gazeti hilohilo mwezi uliofuata. Whitney Young wa National Urban League, shirika la kutetea haki za Weusi, naye alikuwa amekilaumu kipindi tangu wiki za mwanzo.

Halafu ukaja utafiti. Mwaka 1974 Neil Vidmar na Milton Rokeach walichapisha matokeo baada ya kuwahoji vijana wa Marekani na watu wazima wa Kanada. Waligundua kwamba wenye ubaguzi mwingi na wenye ubaguzi kidogo walikifurahia kipindi sawasawa. Tofauti ilikuwa kwenye walichokiona. Wenye ubaguzi mwingi walielekea zaidi kumwona Archie ndiye mshindi wa mabishano, na mkwewe Mike ndiye anayechekwa. Kila mmoja alitoka na alichoingia nacho. Wanaompinga Lear huunyanyua utafiti huu kama hukumu, nadhani kupita kiasi: ulipima watu wanavyoona, haukupima kama kuna aliyekuwa mbaguzi zaidi baada ya kutazama. Ila unamvua Lear nguo moja muhimu, ile dhana kwamba kejeli inajieleza yenyewe. Mitaani watu walikuwa wakivaa fulana za kumtaka Archie awe rais, na kwenye mkutano mkuu wa chama cha Democratic mwaka 1972 Archie Bunker alipata kura ya utani ya umakamu wa rais.

Upande wa pili wa mjadala alikaa Richard Nixon, rais wa Marekani wakati ule. Kwenye kanda zake za siri za Mei 1971 anasikika akilalamika kuhusu sehemu moja ambamo rafiki wa Archie, mwanamichezo wa zamani na dume kwelikweli, anatokea kuwa shoga. Nixon aliona kipindi kinamdhalilisha Archie, yaani kinamdhalilisha mtu wake. Basi Hobson anasema Archie amebembelezwa, na rais anasema ameonewa.

Mimi naona wote wawili walikuwa wakikitazama kiti bila kujua kilikotoka. Lear alipokuwa na miaka tisa, mwaka 1931, baba yake alikamatwa kwa kuuza hati bandia akafungwa. Mama akaanza kuuza vyombo vya nyumba. Lear amesimulia katika kumbukumbu zake jinsi alivyoona kiti chekundu cha ngozi cha baba kikiuzwa, kile ambacho baba alikalia kusikiliza redio, na mtu mzima mmoja akamwambia mtoto yule kwamba sasa yeye ndiye mwanamume wa nyumba. Baba huyohuyo alikuwa akimwambia mke wake anyamaze kwa neno lilelile ambalo Archie alimwambia mkewe, Edith. Alimwita mwanawe mtoto mzungu mvivu kuliko wote aliowahi kuwaona. Mtoto akilalamika kwamba hapo unalitukana kabila zima ili kumtukana mtu mmoja, baba anamjibu kwamba basi na ujinga pia wewe wa kwanza.

Archie, kwa hiyo, ni baba aliyerudishwa nyumbani na kiti chake. Mwandishi aliyemsamehe baba yake hawezi kumwandika kama jini, na hapo ndipo ulipotoka uzuri wote wa kipindi: unamwona Archie akiumia, akiogopa kuachwa nyuma na dunia, na unamhurumia bila kukubaliana naye. Hapohapo ndipo ulipotoka udhaifu wake kama dawa. Msamaha wa mtoto kwa baba ni jambo la ndani ya nyumba. Ukiurusha hewani kwa mamilioni, jirani aliyetukanwa naye anaombwa asamehe, wakati hakuna aliyemuuliza. Lear mwenyewe hakujidai tabibu. Alikuwa akisema kwamba kama mafundisho ya dini ya miaka elfu mbili hayakuumaliza ubaguzi, kipindi chake cha nusu saa kingeumalizaje?

Sisi tuliolelewa kwenye utani tuna kipimo chetu cha mambo haya. Mchaga na Mpare wanaweza kusemana hata msibani, na hakuna anayekwenda polisi, kwa sababu kila mmoja ana zamu yake ya kurusha. Utani ambao mmoja anarusha na mwenzake amefungwa mdomo ni matusi tu. Kwa kipimo hicho All in the Family kinapita, ingawa si kwa alama za juu. Alikuwepo Lionel Jefferson, kijana Mweusi wa jirani, aliyemchezea Archie kwa kujifanya mjinga anayetarajiwa, akampiga kijembe na kuondoka kabla mzee hajajua ametobolewa wapi. Mwigizaji wake, Mike Evans, tutakutana naye tena.

Mjadala wa Archie umekula nafasi kubwa mno kiasi kwamba jambo zito zaidi katika kazi ya Lear huwa linatajwa pembeni: nani alishika kalamu. Msimu wa 1974 hadi 1975, vipindi vitano kati ya kumi vilivyotazamwa zaidi Marekani vilitoka kwenye himaya yake na Yorkin. Vitatu kati ya hivyo vilikuwa vya familia za Weusi. Kimoja, Good Times, kilibuniwa na waandishi Weusi wawili, Eric Monte na huyohuyo Mike Evans. Esther Rolle, aliyeigiza kama mama, Florida, alikataa kazi mpaka familia ipewe baba, akapatikana John Amos kama James Evans: baba maskini, mkali, anayehangaika na vibarua kwenye nyumba za serikali za Chicago na harudi nyuma. Kwa wakati ule televisheni ya Marekani haikuwa na mtu kama huyo.

Halafu kicheko kikachagua upande mwingine. Mtoto mkubwa, J.J., alikuwa na neno lake moja la mbwembwe, "Dy-no-mite!", na kila akilisema hadhira inaanguka. Skripti zikaanza kuinamia huko. Rolle alilalamika hadharani. Amos aligombana na waandishi, akiuliza kwa nini mdogo wake J.J. anayeota kuwa jaji wa Mahakama ya Juu asipewe nafasi kuliko kaka aliyevaa kofia ya kuku. Mwaka 1976 Amos akaondolewa. Kwenye hadithi, familia inafunga mizigo kwenda Mississippi ambako James amepata kazi nzuri, simu ya maandishi inafika: amekufa ajalini. Florida anakaa bila kulia, anawahudumia wageni wa msiba, anatabasamu. Wakishaondoka anainua bakuli la kioo na kulibamiza sakafuni. Tukio hilo bado linatazamwa hadi leo, na ni zuri, ila haliwezi kutazamwa bila kujua kwamba baba alikufa kwa sababu mwigizaji wake alibisha. Monte naye alifungua kesi mwaka 1977 akidai mawazo yake yameporwa, ikaisha kwa mapatano ya fedha.

Watetezi watasema Lear alisikiliza, na kweli alisikiliza. Alisimulia kwamba wanachama watatu wa Black Panther, chama cha wanaharakati Weusi, walifika ofisini kwake wakiuliza kwa nini kila Mweusi kwenye vipindi vyake ni maskini. The Jeffersons, familia tajiri iliyohamia ghorofani Manhattan, kilikuwa kwa sehemu jibu la ugeni ule, na kilidumu misimu 11 na sehemu 253, kikiwa na majirani Tom na Helen Willis, mzungu na mke wake Mweusi. Tena alithubutu ambapo wengine walinywea: Maude, mhusika mkuu wa kipindi chake kingine, mwenye miaka 47, alitoa mimba kwenye skrini Novemba 1972, miezi miwili kabla ya hukumu ya Roe v. Wade iliyohalalisha utoaji mimba Marekani nzima. Mwaka 1985 aliuza kampuni kwa Coca-Cola kwa dola milioni 485, naye tayari alikuwa ameanzisha People For the American Way kupambana na wahubiri wa siasa za kulia. Wapo wanaomkejeli kama tajiri mpenda haki. Sioni kosa hapo. Alitumia fedha yake kama wengine wanavyotumia zao.

Kwangu mimi jibu lake bora kwa wakosoaji ni lile ambalo halikufanikiwa. Mwaka 1994 Lear alirudi CBS na kipindi kiitwacho 704 Hauser, anwani ya nyumba ya Archie. Nyumba ni ileile, mlango uleule, ila sasa wanaishi Weusi, baba mpenda mageuzi anayegombana na mwanawe mhafidhina. Baba huyo aliigizwa na John Amos. Zilirushwa sehemu tano tu, kikafutwa. Kiti hakikuwepo, tangu 1978 kilikuwa kimeshapelekwa makumbusho.