Jamani cat haikuundwa kusomea mafaili

Mi nina ugomvi mdogo na wanaofundisha komandi za Linux. Somo la kwanza kabisa, ukitaka kuona kilichomo kwenye faili andika cat, basi mtu anashika hiyohiyo miaka na miaka. Cat ipo tangu Unix (mfumo ulioitangulia Linux) ya 1971 na kazi yake ni kuunganisha, unaipa mafaili matatu inayamwaga mfululizo kama faili moja. Kukuonyesha faili moja kwenye skrini ni kazi ya pembeni tu.

Kwa mistari ishirini sawa, hata mi situmii kitu kingine. Ila ipe logi kubwa ya seva (faili la kumbukumbu za matukio yake) uone, mistari inakimbia unabaki kukodoa macho, unabonyeza Ctrl+C kuisimamisha na ulichokuwa unatafuta kishapita zamani. Siku moja nikaipa picha kwa bahati mbaya, terminali (dirisha la kuandikia komandi) ikachanganyikiwa hadi herufi ninazoandika sizielewi (dawa yake andika reset hivyohivyo bila kuona, halafu enta).

Tumia komandi ya less! Inakupa skrini moja moja, haingoji kusoma faili zima ndo ifungue, unapanda unashuka, andika / na neno inakupeleka lilipo, G mwisho wa faili, q unatoka. Mark Nudelman aliiandika miaka ya 80 kwa vile more, komandi ya kusomea mafaili ya enzi hizo, ilikuwa inakupeleka mbele tu, kurudi nyuma hakuna.

Pale cat inaponifunga mdomo ni cat -A. Skripti yangu iligoma kabisa, inadai eti bad interpreter, yaani haioni programu ya kuiendesha, mi naangalia mstari wa kwanza unaoitaja programu hiyo hauna kosa hata moja, nusu saa nzima naangalia. Cat -A, inayoonyesha hata herufi zisizoonekana, ikanionyesha ^M kila mwisho wa mstari, kumbe faili limehifadhiwa kwa mtindo wa Windows. Rob Pike, mmoja wa wahandisi wa Unix, alishalalamika 1983 kwamba cat haikupaswa kubebeshwa vikorombwezo kama hivi, na kinadharia yuko sahihi, ila mi siku ile nilishukuru.

Kuna komandi ya bat pia, ina rangi na namba za mistari, nzuri, ila Ubuntu wanaiita batcat na kila mashine mpya nasahau.

Na nyie mnaocheka cat faili | grep neno, eti grep (komandi ya kutafuta neno) inasoma faili yenyewe na cat haihitajiki, najua inasoma, lakini mi nafikiria kutoka kushoto kwenda kulia, hiyo niachieni.