Mapafu hayavuti hewa

Mwambie mtu yeyote avute pumzi ndefu. Mabega yatapanda na tumbo litaingia ndani. Ndivyo tulivyozoeshwa mstarini shuleni, kifua mbele, tumbo ndani, na mimi naona mazoea hayo yametuficha msuli unaotuweka hai.

Mapafu hayawezi kujitanua. Sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na kiwambo, msuli mwembamba unaotenga kifua na tumbo, uliojikunja kama kawa lililofunika sinia. Kiwambo kikikaza hushuka, kifua hupata nafasi, mgandamizo wa hewa ndani hupungua, na hewa ya nje huingia yenyewe. Ini na utumbo, vikisukumwa chini, hulazimika kulitokeza tumbo mbele. Kikilegea hupanda, na pumzi hutoka bila jasho. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, usiku na mchana. (Kwikwi nayo ni kiwambo hicho hicho kikishtuka. Charles Osborne wa Iowa, Marekani, aliishi nayo tangu 1922 hadi 1990. Sijui bibi zetu wangembandika nyuzi ngapi kwenye paji la uso.)

Anayebisha awakumbuke wagonjwa wa polio. Wapo waliokosa pumzi ilhali tatizo halikuanzia mapafuni: virusi vilikuwa vimeua seli za neva zinazoamrisha misuli ya kupumua. Mashine ya chuma iliyoanza kutumika Boston mwaka 1928 haikuwapulizia hewa mdomoni. Mgonjwa alilazwa ndani, kichwa kikabaki nje, nayo ikawa inapunguza mgandamizo kuzunguka mwili wake ili kifua kitanuke. Iliifanya kazi ya kiwambo.

Haya yangekuwa maarifa ya mtihani tu kama si watoto. Mbavu za mtoto mchanga zimekaa karibu mlalo, haziwezi kuinuka sana, hivyo pumzi yake hutegemea kiwambo zaidi kuliko yetu. Tumbo lake kupanda na kushuka anapolala ni kawaida, ingawa wazazi wengi huliona hilo wakaingiwa na hofu. Pa kutazama ni sehemu ya chini ya kifua. Nimonia hukakamaza mapafu. Kiwambo huvuta kwa nguvu zote, na mbavu zile laini, badala ya kutoka nje, hubonyea ndani kila mtoto anapovuta hewa.

Wahudumu wa kliniki huangalia hilo na kuhesabu pumzi kwa dakika nzima, mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi. Pumzi 60 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi 2 ni za haraka mno. 50 kwa wa miezi 2 hadi 12. 40 kwa wa mwaka 1 hadi 5. Hakihitajiki kifaa zaidi ya saa.

Sioni kwa nini maarifa haya yaishie kliniki. Swali la "taja kazi ya kiwambo" lingeachwa, wanafunzi wakatumwa nyumbani kuhesabu pumzi za wadogo zao waliolala. Na mzazi, mpandishe mwanao fulana umtazame. Mbavu za chini zikibonyea ndani, usingoje kupambazuke, mpeleke kituo cha afya.