Wazee tunakumbuka mazuri tu

Hii habari ya wastaafu kulalamika kwamba jeshi la siku hizi limelegea, mi mwenyewe mstaafu na nakubali nusu tu. Kweli zamani filimbi ikilia alfajiri kitanda kishatandikwa shuka limenyooka kama ubao, buti linang'aa unajiona uso, na afande akipita na kitambaa cheupe kwenye mtutu kikatoka na doa, basi fatiki, yaani kazi za adhabu, wiki nzima unafyeka nyasi. Na ile ilikuwa na maana jamani, bunduki yenye masizi na mchanga inakwama siku unayoihitaji. Lakini mbona hatusemi kuhusu makuruta waliopigwa mpaka wakaumia, eti ndo kukomazwa? Ile haikuwa nidhamu ile ilikuwa uonevu, tulinyamaza kwa woga. Hata kwata yenyewe, yaani mazoezi ya gwaride, kwa namna tunayoijua ilishika mizizi enzi za bunduki za kushindilia baruti, watu wapange mstari wafyatue pamoja, leo ukisimama hivyo vitani umekwisha. Mi ninachokimiss ni mguu sawa asubuhi, buti mia zinagonga chini mara moja, mwili unasisimka hadi leo nikikumbuka.