Kulipia Mbofyo: Jinsi Wastani Unavyoficha Hasara

Wanaouza mtandaoni wamegawanyika kuhusu matangazo ya kulipia kwa mbofyo, yaani yale ambayo mtangazaji hulipa kila mtu anapobofya tangazo lake kwenye matokeo ya utafutaji. Wanaoyatetea husema: weka bajeti asubuhi, jioni una wageni, ilhali kuipandisha tovuti kwenye matokeo ya kawaida ya utafutaji kunadai kazi ya miezi. Wanaoyapinga hujibu kwamba wageni hao hutoweka siku bajeti inapokauka, na tovuti inabaki haina chochote ilichojijengea. Hoja za pande zote zina uzito. Tatizo ni kwamba pande zote hupima kwa kipimo kimoja, yaani fedha zilizotumika kugawanywa kwa mauzo yaliyopatikana, na wastani huo ndio unaowapoteza.

Tuanze na namna nafasi hizo zinavyouzwa, yaani kwa mnada: kila mtangazaji huchagua maneno yanayotafutwa na kutaja dau, kiasi cha juu atakacholipa kwa mbofyo mmoja. GoTo.com, tovuti ya utafutaji iliyoanza mwaka 1998, ilipanga matangazo kwa dau peke yake: anayetoa zaidi anakaa juu. Google ilipogeukia malipo ya mbofyo mwaka 2002 iliongeza kigezo cha uwezekano wa tangazo kubofywa, maana dau kubwa kwenye tangazo lisilobofywa haliingizi hata senti. Siku hizi ubora hupimwa pia kwa namna tangazo linavyojibu kilichotafutwa na hali ya ukurasa anaotua mgeni. Hesabu, ikirahisishwa, ni hii: mpinzani anatoa dau la 4 na ubora wake ni 5; zidisha, alama zake ni 20. Wewe unatoa 3 kwa ubora wa 8, alama 24. Unakaa juu yake, na hulipi 3 yako yote. Unalipa kinachotosha kumpita, yaani 20 kugawanya kwa 8, ambayo ni 2.5 na punje juu yake. Mnada halisi huangalia mengine pia, kama kifaa cha mtafutaji, mahali alipo na saa.

Watetezi huupenda mfano huo kwa haki: mwenye mfuko mdogo na ukurasa mzuri anaweza kumpita tajiri mzembe. Lakini mnada huohuo una upande wa pili usiosemwa sana. Kila mshindani anapojua kupima thamani ya mgeni wake, anaweza kupandisha dau hadi karibu na thamani hiyo. Wakijua wote, sehemu kubwa ya faida huhamia kwa mwenye mnada. Anayebaki na nafuu ni yule ambaye mbofyo uleule una thamani zaidi kwake kuliko kwa wenzake, ama kwa sababu wateja wake hurudi kununua tena, au kwa sababu ukurasa wake huwageuza wageni wengi zaidi kuwa wanunuzi.

Kwa hiyo kabla ya kufungua akaunti, mtu ajue thamani ya mbofyo wake. Chukua faida ya mauzo moja, zidisha kwa sehemu ya wageni wanaonunua. Faida ikiwa 40, kwa sarafu yoyote ile, na katika wageni 100 wakanunua 2, mbofyo mmoja una thamani ya 0.8. Ukiununua kwa 1, unapata hasara hata kama mauzo yanaongezeka kila wiki. Kosa linalojirudia hapa ni kutumia bei ya kuuzia badala ya faida, na kusahau bidhaa zinazorudishwa, ada za malipo na usafirishaji.

Kosa la pili ni haraka. Mtu hulipia mibofyo 50 ya neno fulani, haoni mauzo, analifuta. Lakini neno ambalo kwa kweli huleta wanunuzi 2 kwa kila wageni 100 litamaliza mibofyo 50 bila mauzo hata moja takribani mara 36 katika kila majaribio 100. Baada ya mibofyo 150 uwezekano huo hushuka hadi kama 5 kwa 100, na hapo ndipo hukumu inaanza kuwa na maana. Asiye na bajeti ya kufika huko kwa maneno 40 ajaribu matano.

Kuna pia uvujaji wa mwanzo, na hapa malalamiko ya wapinzani ni ya kweli tupu. Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi, na mipangilio ambayo mfumo wa matangazo hukuwekea wakati wa kuanza inaukumbusha msemo huo. Ulinganishaji mpana wa maneno huonyesha tangazo kwa misemo ambayo hukuiandika. Muuza pampu za maji aliyeweka “pampu ya maji” atalipia pia wanaotafuta “jinsi ya kutengeneza pampu”, “kazi ya fundi pampu” na “picha ya pampu”. Kwenye Google Ads, mfumo wa matangazo wa Google, kampeni ya utafutaji ikiachwa kama ilivyo inaweza kupeleka tangazo kwenye tovuti washirika pia, na eneo lililochaguliwa hujumuisha watu walioonyesha tu kulipenda eneo hilo bila kuwapo huko. Bajeti ya siku nayo si ukomo wa siku: mfumo unaweza kutumia hadi mara mbili yake siku moja, mradi mwezi mzima usizidi mara 30.4 ya kiasi ulichoweka. Wengi hushtuka wiki ya kwanza kwa kutolijua hilo.

Tiba yake haina siri. Anza na ulinganishaji kamili, ambao hutoa tangazo kwa misemo yenye maana ileile na neno lako, au wa kifungu, kwa misemo inayobeba maana ya neno hilo ndani yake. Zima mitandao ya washirika mpaka uwe na takwimu zako. Weka eneo liwe la waliopo pale. Kisha fungua ripoti ya misemo iliyotafutwa, kila siku mbili mwanzoni, na uingize maneno ya kuzuia: “bure”, “kazi”, “picha”, “jinsi ya kutengeneza”. Ripoti hiyo haionyeshi kila msemo, ila inatosha kuziba matundu makubwa. Mibofyo ya boti, yaani programu za kompyuta zinazojifanya watu, nayo ipo. Mifumo mikubwa huchuja sehemu yake na kurudisha fedha, na kwa akaunti ndogo tatizo hilo mara nyingi ni dogo kuliko misemo isiyohusika.

Upimaji ndio unaoamua yaliyobaki. Msimbo wa kufuatilia, unaohesabu mauzo, ukikaa kwenye ukurasa wa “asante” anaouona mteja akishanunua, mteja akiufungua upya unaweza kuhesabu mauzo mawili. Dawa ni kupeleka namba ya oda pamoja na hesabu ili marudio yatupwe. Baya zaidi ni kuhesabu kufunguliwa kwa ukurasa wa mawasiliano kuwa ni mauzo. Dau linapopangwa na mashine, mashine hukimbilia kile ulichoiambia ni ushindi, kwa hiyo itakuletea watu wanaofungua ukurasa wa mawasiliano na kuondoka. Itafanya hivyo kwa ustadi mkubwa, na ripoti itang'aa.

Sasa turudi kwenye wastani. Tuseme bajeti ya 100 inaleta mauzo 10. Kila moja limegharimu 10 na faida yake kabla ya tangazo ni 20. Mmiliki anafurahi, anapandisha bajeti hadi 200 na kupata mauzo 14. Wastani sasa ni kama 14.3, bado chini ya 20, na ripoti bado ni ya kijani. Lakini mauzo 4 ya nyongeza yamegharimu 100, yaani 25 kila moja: amepoteza 5 kwa kila moja. Faida yake imeshuka kutoka 100 hadi 80, na hakuna namba yoyote kwenye ukurasa wa mbele wa akaunti itakayomwambia. Sababu ni ya kawaida: watafutaji walio tayari kununua ni wachache na hupatikana kwanza, kila bajeti ya juu hununua mibofyo ya ghali zaidi au ya watu wenye nia hafifu zaidi. Ndiyo maana mtetezi anayesema “kila 1 hurudisha 2, kwa hiyo tuongeze” hajathibitisha lolote kuhusu 1 inayofuata.

Upande mwingine wa wastani ni wateja ambao wangekuja hata bila tangazo. eBay, soko kubwa la mtandaoni, ilifanya majaribio kuanzia mwaka 2012, na utafiti uliotokana nayo, wa Blake, Nosko na Tadelis, ulichapishwa mwaka 2015. Walipozima matangazo ya neno “eBay” kwenye baadhi ya injini za utafutaji, karibu mibofyo yote iliyopotea ilirudi kupitia matokeo ya kawaida, bila malipo. Kwa maneno mengine yasiyo jina la kampuni, matangazo yaliwagusa wateja wapya na wanaonunua mara chache, lakini fedha nyingi zilikuwa zinawaendea wateja wa kila siku, ambao tangazo halikuwabadilisha.

Wapinzani huushika utafiti huo kama rungu, na hapo huvuka mpaka. eBay ilikuwa inajulikana na kila mtu. Tovuti isiyojulikana haina wateja wa kila siku wa kulipiwa mara mbili; karibu kila mgeni wake wa mbofyo ni mpya. Kwa tovuti ya namna hiyo matangazo haya yana kazi moja ambayo njia nyingine haziifanyi haraka hivyo: yanaonyesha ni maneno gani huleta wanunuzi, kabla hujatumia nusu mwaka kuandika kurasa za maneno yasiyouza. Hayasaidii, hata hivyo, kwa bidhaa ambayo hakuna anayeitafuta bado. Mnada wa utafutaji huuza mahitaji yaliyopo, hauyaumbi.

Mwenye jina linalotafutwa ajipime mwenyewe. Gawa maeneo unayouza katika makundi mawili yanayofanana kwa mauzo ya miezi iliyopita. Zima matangazo ya jina lako kwenye kundi moja kwa wiki 4, usiguse kitu kingine chochote, kisha linganisha mauzo yote ya tovuti, si yale yanayodaiwa na akaunti ya matangazo. Yakibaki sawa, ulikuwa unalipia mlango wako mwenyewe. Yakishuka, tafuta jina lako ukiwa ndani ya maeneo hayo, uone ni mshindani gani amenunua nafasi ya juu. Akiondoka, rudia jaribio, maana jibu la mwanzo litakuwa limepitwa.