Maski moja inavusha watoto wanne getini

Ilikuwa februari 2022, wakati wa corona, mtoto haingii shule bila maski. Jumanne moja kijana wangu wa P4 (darasa la nne la msingi) alisahau kontena yake ya chakula nyumbani, nikasema haya, soko linanisubiri lakini mtoto hawezi kushinda na njaa, nikachukua njia ya nyuma ya shule ili niwahi. Ile nafika karibu na uzio nikaona kitu kinaruka juu, kinatua huku nje kwenye nyasi. Maski. Ya kitambaa, ya bluu, kamba moja imefungwa fundo. Katoto fulani ka kike kakaiokota, kakaipangusa kwa sketi, kakavaa, kakakimbia kwenda geti la mbele. Askari akakaangalia usoni akakapisha. Dakika haijaisha maski hiyoo inaruka tena juu ya uzio, na mwingine yuko chini anaidaka.

Nikasimama nikahesabu. Watoto wanne, maski moja. Kama wa kwanza alikuwa na kikohozi basi ameshawagawia wenzake kabla hata kengele haijalia, na askari pale mbele roho yake safi, sheria imefuatwa.

Jumamosi yake ndio tukawa na mkutano wa wazazi, na ajenda kubwa ilikuwa hiyo hiyo, maski iwe lazima kama ilivyokuwa wakati ule ama iwe hiari ya mzazi. (Sisi hapa Busia ya Uganda, mpakani na Kenya, tunasema maski jamani, barakoa ni ya redioni.) Mkutano ulikuwa wa saa tatu tukaanza saa tano, hiyo hata si habari. Tukakaa chini ya mwembe, kina mama upande wa kivuli, wanaume wengi wamesimama nyuma kama watu wanaotaka kuondoka.

Wa kwanza kusimama alikuwa mzee mmoja, mwalimu mstaafu, analea wajukuu watatu. Akasema, wanangu, hawa watoto hawafi sana na huu ugonjwa, lakini jioni wanarudi kulala na nani? Wanalala na sisi wazee. Mimi nikikohoa wiki moja nimekwisha. Kwa hiyo maski iwe lazima na asiyetaka amtafutie mwanawe shule nyingine. Watu wakapiga makofi, mimi pia nikapiga, kwa sababu mzee alisema kweli.

Halafu akasimama baba mmoja wa bodaboda. "Mwenyekiti, adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mimi nina watoto watano hapa. Zile maski za hospitali ni mia tano mia tano, na tunaambiwa ni ya kuvaa siku moja na kutupa. Mzee, nisaidie hesabu wewe ulikuwa mwalimu." Mzee akacheka lakini hesabu akaifanya, mwalimu ni mwalimu. Watoto watano kwa siku tano ni 12,500 kwa wiki, na muhula huu una wiki kumi na nne, jumla 175,000. Kimya. Hiyo pesa hapa kwetu ni kodi ya chumba ya miezi. Ndio maana tulikuwa tunanunua ya kitambaa moja, inafuliwa ikikumbukwa, na asiye nayo ndio anangoja nyuma ya uzio.

Baada ya hapo mkutano ukawa kelele tu, wengine wanasema corona imeisha, wengine haijaisha, dada mmoja akaleta mambo ya chanjo ambayo hayakuwa kwenye ajenda, mwingine akasema maski inamkausha mtoto akili kwa kukosa hewa (hapana mama, madaktari wa upasuaji wanavaa masaa na masaa na mkono hautetemeki). Sitaandika yote.

Mimi si mtu wa kusema corona ni uongo. Mwezi wa sita 2021, lile wimbi la pili, tulimpoteza mjomba. Alianza na homa alhamisi, jumapili hawezi kumaliza sentensi, tukamkimbiza hospitali moja ya kulipa, sitaitaja, wakataka mamilioni mezani kwanza ndio aguswe na oksijeni. Tukauza pikipiki. Siku ya tatu akaenda. Kwa hiyo mtu akiniambia maski ni mchezo wa serikali ninamuangalia tu.

Lakini pia nilikaa na watoto watatu nyumbani karibu miaka miwili. Shule zilifungwa tarehe 20 machi 2020, siku moja kabla ya mgonjwa wa kwanza kutangazwa hapa Uganda. Oktoba wakarudi watahiniwa tu, mwaka uliofuata wakaanza kurudisha madarasa kidogo kidogo, juni 2021 wakafunga tena, mpaka januari 10 2022 ndio kila mtu akarudi. Watoto kama milioni 15 nyumbani, hakuna nchi iliyofunga shule muda mrefu kama sisi, dunia nzima ilituandika. Na sisi wa mpakani iliuma mara mbili kwa sababu Kenya walifungua zote tarehe 4 januari 2021, mimi nauza mitumba huku Sofia, sehemu ya Busia iliyo karibu na mpaka, na nilikuwa nawaona watoto wa ng'ambo asubuhi na yunifomu zao na maski zao wanaenda shule, na wangu amekaa juu ya gunia la nguo ananisaidia kuita wateja. Virusi ni hivyo hivyo, njia za panya ni zile zile, ila upande mmoja mtoto anasoma na upande huu anauza soksi.

Na waliorudi si wote. Mamlaka ya mipango ya taifa ilionya mwaka 2021 kwamba asilimia 30 ya wanafunzi wanaweza wasirudi kabisa, mimba, ndoa, kazi za vibarua. Binti wa jirani yangu alikuwa P7, wakati ule tayari ana mtoto wa miezi minne. Serikali ilisema wenye mimba na wanaonyonyesha wapokelewe, vizuri, lakini huyu kila nikimuuliza alisema anaona aibu. Sasa niambie, mtoto ambaye kurudi kwenyewe alisitasita, siku ya kwanza anafika getini anaambiwa rudi nyumbani huna maski. Atarudi kesho? Wengine ndio walikuwa wanatafuta sababu tu.

Kwangu hapo ndipo ugomvi wote ulipo. Sisi tulikuwa tunabishana lazima ama hiari kama vile tuko Marekani. Shemeji yangu yuko Virginia, analea wazee huko, ananitumia voisi wosap kila jumapili. Huko nako wazazi walikuwa wameshikana mashati. Gavana wao mpya wakati ule, Youngkin, siku ile ile alipoapishwa katikati ya januari 2022 alisaini amri kwamba mzazi ndiye anaamua kama mtoto wake avae maski shuleni ama asivae, bodi saba za shule zikamkimbilia mahakamani zikisema hiyo ni kazi yao, na februari 2022 wakapitisha sheria kabisa upande wa wazazi. Walibishana juu ya haki, nani mwenye mamlaka juu ya uso wa mtoto, mzazi ama bodi. Ni swali zuri, silidharau. Lakini shemeji alisema mlangoni pa shule ya wanawe kulikuwa na boksi la maski, aliyesahau anachukua moja anaingia. Hata waliotaka lazima huko hawakuwahi kuwaza mtoto arudishwe kwa sababu mama yake hana mia tano.

Sisi hapa lazima ilikuwa na maana nyingine. UPE, ile elimu ya msingi kwa wote, ni bure tangu 1997, tunashukuru, lakini kila mzazi anajua ile karatasi mtoto anayokuja nayo mwanzo wa muhula, rimu ya karatasi, mifagio miwili, sabuni, tishu, na mwaka ule wa 2022 katikati ya mfagio na tishu waliandika maski tatu. Basi. Ikawa moja ya vitu vya kuleta, haihesabiwi tena kama kinga, na kitu cha kuleta ukikosa unarudishwa, ndivyo shule zetu zinavyofanya kazi. Ndio maana watoto walikuwa wanaitupa juu ya uzio. Wao walielewa kuliko sisi, waliona ni tiketi na wakaitumia kama tiketi. Ukiingia ndani unaiweka mfukoni. Nilipita darasani siku ile kupeleka chakula, P4 nzima, watoto zaidi ya mia moja wamebanana wanne wanne kwenye dawati la watu watatu, nilihesabu maski sita, na mbili kati ya hizo zilikuwa kidevuni.

Na mwalimu naye, masikini, amevaa. Anapiga kelele nyuma ya kitambaa mbele ya watoto mia. Wale wa chini ndio wananihuzunisha zaidi, mtoto aliyekuwa P1 mwaka 2020 alisoma wiki chache tu shule zikafungwa, 2022 yuko P2 kwa sababu kila mtu alipandishwa, hajui kusoma jina lake, anafundishwa b na p na mtu ambaye hauoni mdomo wake. Jaribu mwenyewe, vaa maski useme baba na papa mbele ya mtoto uone.

Hata Shirika la Afya Duniani na UNICEF tangu 2020 hawakusema watoto wote sawa. Walisema wa miaka mitano kushuka chini wasilazimishwe, wa sita mpaka kumi na moja ni kuangalia hali ya mahali, ugonjwa umesambaa kiasi gani, mtoto anaweza kuivaa mwenyewe vizuri, kuna mtu mzima wa kumsimamia, na wa kumi na mbili kwenda juu wavae kama watu wazima. Mwalimu mmoja kwa watoto mia atasimamia maski ya nani? Ila kwenye mkutano wetu hakuna hata mmoja aliyetaja umri, P1 na P7 tuliwaweka kapu moja.

Kitu kingine ambacho kinanishinda. Uganda tuko kwenye nchi tatu za juu duniani kwa wagonjwa wa malaria. Malaria ndiyo inayoua watoto wadogo hapa kwetu, si mafua haya. Umewahi kuona mtoto amerudishwa getini kwa sababu nyumbani hawana neti? Neti serikali inakuja kugawa nyumba kwa nyumba. Na maski pia Rais aliahidi mwaka 2020 kila mtu kuanzia miaka sita apewe bure, zetu zilifika, sisemi uongo, lakini kufika 2022 ilikuwa karibu miaka miwili na mtoto amekua, uso umekua, kamba imekatika.

Basi nilisimama nami nikasema yangu. Nikasema madamu hedi (ndiye mwalimu mkuu), wazee wangu, mimi niko upande wa hiari, lakini hiari yenye boksi. Shule iweke boksi ofisini, zile rimu tunazoleta zipunguzwe iletwe maski badala yake, mtoto anayetaka ama anayekohoa apewe, walimu na wale wakubwa wa P6 na P7 tuwasukume wavae, wa chini waachwe, na getini mtoto yeyote asirudishwe. Na yale majerikani ya kunawia yajazwe maji, maana siku ile nilifungua la kwanza likatoa mjusi.

Mzee mstaafu akanijibu kwa upole tu. "Mama, ukisema hiari hakuna atakayevaa." Nikamwambia mzee, hata sasa hawavai, wanavuka nayo tu geti. Nikawasimulia ile ya uzio. Nilidhani watacheka, na wengine walicheka, lakini mama muuza mukene (dagaa) aliyekaa mbele yangu akainama chini, baadaye akaniambia wake wa kike ndiye yule wa kwanza kuiokota.

Mzee bado hakukubali. Alisema ukimwachia kila mtu ajiamulie, wenye nguvu watajiamulia na wazee watazikwa. Sina jibu zuri la hapo. Mjomba wangu naye alikuwa na miaka sitini na nane na sijui nani alimletea nyumbani, pengine ni sisi.

Mvua ikaja, uamuzi ukaahirishwa mpaka jumamosi iliyofuata, mwenyekiti akasema kila mtu akalale nalo.

Jioni nikamuita kijana wangu. Nilikuwa na siku nyingi najiuliza anapata wapi kabalagala (vile vitumbua vya ndizi) ya kila siku na simpi pesa, nikirudi nakuta mafuta mdomoni. Nikamuuliza na maski yake mbona kila siku iko na tope. Akaangalia chini, akaniambia asubuhi anaikodisha, anaingia wa kwanza anairusha nje, kila anayevuka nayo anamkatia kipande saa ya mapumziko. Halafu akauliza, eti mama, ni kweli mkutano umesema maski itakuwa hiari? Nikamwambia bado hatujaamua. Akasema basi sawa, jumatatu nisimfungie chakula kingi.